Kompyuta ya Mwalimu wa Myanga

Mpendwa baba mkwe,

Mulembe. Naanza na salamu yako ya Lubukusu kwa sababu ndiyo ya kwanza uliyonifundisha, na kwa sababu siku moja nilijisahau nikakuambia "Niaje Mwalimu", nawe ukanitazama juu ya miwani. Ulingoja tu mpaka nikasalimu upya, vizuri, kama mtoto wa darasa la pili. Nekesa, binti yako, alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni akijizuia kucheka.

Ni miezi sasa tangu tukusindikize. Nimejaribu kukuandikia mara kadhaa, na kila nikianza maneno yanatoka kama tangazo la kifo kwenye redio. Wewe hukuwa mtu wa matangazo ya kifo. Ulikuwa mtu wa kucheka mpaka miwani inaingia kwenye chai. Kwa hivyo leo nakukumbusha mambo ya kompyuta, maana ni hapo nilipokujua.

Unakumbuka nilivyofika mara ya kwanza. Ulikuwa mwaka wa 2005. Nilikuwa na duka la kutengeneza kompyuta Kitale, chumba chembamba kando ya watu wa mbegu na mbolea, kiasi kwamba hata kompyuta nilizotengeneza zilirudi kwa wenyewe zikinuka mbolea. Nilizaliwa huku huku Trans-Nzoia, nikakulia katikati ya mahindi, lakini wazazi wangu walitoka upande wa Mlima Kenya na nyumbani tunaongea Gĩkũyũ. Nekesa alikuwa anafundisha watoto wa nasari Kitale. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Mtu aliyebaki ni wewe. Wazee wangu walikuwa wametuma ujumbe wakiomba siku ya kuja Myanga, na wewe hukusema ndiyo wala hapana. Ulimwambia Nekesa kwamba humchukii mtu, ila ungependa kujua hii ni kazi gani, mtu anakaa ndani kutoka asubuhi akitengeneza kitu kisichoonekana.

Nekesa ndiye aliyepata njia. "Baba ako na kompyuta imemshinda," aliniambia. "Si uende uiangalie? Usiende kama mchumba. Enda kama fundi."

Nikaja na mkoba wa bisibisi na CD. Kompyuta yako ilikuwa mezani chini ya kitambaa cha kufuma, kama vile watu hufunika televisheni. Uliinunua kutoka ofisi fulani ya Webuye iliyokuwa ikiondoa mashine zake kuukuu. Ulikuwa umestaafu ualimu, na kwa miaka ulikuwa ukiandika humo kamusi ndogo ya majina ya miti na ndege, kwa Lubukusu na Kiswahili, kwa sababu watoto wa shule, ulisema, sasa kila mti wanauita mti na kila ndege wanamwita ndege.

Ulitaka nione ugonjwa kwa macho yangu. Ukabonyeza kitufe cha kuwasha, kisha ukatoka kwenda kuhamisha ng'ombe. Ulipofunga kamba na kurudi, picha ya kwanza ilikuwa bado haijamaliza kujichora. Tukanywa chai. Ikafunguka. Ukabofya mahali pa kuandikia, na ile alama ya kungoja ikasimama katikati ya skrini kama askari.

"Huyu ni mgonjwa ama ni mvivu?" uliniuliza.

Nikakuambia si mgonjwa wala si mvivu, ni mzee aliyebebeshwa mzigo wa kijana. Ulicheka kidogo, kisha ukanyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba bado hajaamua kunipenda.

Mimi kwa majivuno nikasema dawa ninayo, inaitwa Linux, programu ya kuendesha kompyuta nzima, haina virusi na haina mwenyewe wa kuiuza. Ukajaribu kulitamka: "Rinaksi." Nikakurekebisha kwa heshima. Nekesa mpaka leo anaapa kwamba nami pia nilisema Rinaksi. Tulirekebishana hivyo kwa muda, mtu mmoja wa Myanga na mwingine wa nyumba ya Gĩkũyũ, kila mmoja akimsikia mwenzake ndiye anakosea.

Siku hiyo nilishindwa, na hukunificha kwamba nimeshindwa. Nilikuwekea Linux na mapambo yake yote, ile ile niliyokuwa naweka kwenye mashine mpya za wateja wangu: vivuli chini ya madirisha, picha zinazorukaruka ukizigusa. Jioni tulipoiwasha, ilikuwa nzito kuliko mwanzo. Ulitazama skrini, ukafunika kompyuta na kitambaa chake polepole.

"Umembadilisha suti," ulisema, "lakini mgonjwa ni yule yule."

Nilirudi Kitale nikiwa nimenywea. Wiki ile nilitoa chini ya meza mashine moja kuukuu kuliko yako, nikaanza kuivua ile suti. Nilitoa mapambo yote nikabakisha Linux yenyewe, na juu yake nikaweka programu moja ndogo sana iitwayo Fluxbox. Mafundi huziita programu za aina hiyo window manager, na kazi yake ni moja tu: kushika madirisha. Inayafungua, inayasogeza, inayafunga, basi. Haikuwekei picha. Unaona skrini ya kijivu, tupu kama ukuta uliopakwa rangi leo, na ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya orodha fupi ya maneno inatokea, unachagua unalotaka. Nilipoiwasha, ilifunguka kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti. Nikacheka peke yangu dukani. Mteja aliyekuwa ameleta printa akaniuliza kama niko salama.

Hofu yangu ilikuwa nyingine. Nitampelekeaje mzee skrini tupu, nimwambie hii ndiyo dawa? Nekesa akasema nisiogope. Alisema baba yake anapenda vitu vichache, nikumbuke sebule yake. Nikakumbuka: meza, viti, kalenda, redio, na ukuta mtupu ambao hukuwahi kuujutia.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Niliweka Fluxbox kutoka kwenye CD, nikaandika mstari mmoja wa kuiambia kompyuta kwamba ikiamka iite hiyo na si nyingine, nikawasha upya. Kijivu kikatokea, mara moja. Ulingoja. Ukangoja tena.

"Iko wapi?"

"Ndiyo hii, Mwalimu."

Nikakuomba ubonyeze kitufe cha kulia. Orodha ikatokea, kwa Kiingereza, ukaisoma yote kwa sauti ya darasani. Ulipofika mwisho uliuliza ni nani ameyaandika haya maneno. Nikakuambia yako ndani ya faili la kawaida, maandishi matupu, na mtu yeyote anaweza kuyabadilisha.

"Yeyote?"

"Hata wewe."

Ukavuta kiti karibu. Kuanzia hapo mimi nilikuwa mshika kibodi tu, na wewe ndiye mwenye boma.

Sijawahi kufurahia kazi kama ile. Mahali pa kuandikia tulipaita Andika, bila ubishi. Mahali pa kuchapisha pakawa Karatasi. Pa kuondokea mimi niliandika Toka, ukakataa. Ulisema katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuambiwa toka isipokuwa mbwa, tukaweka Kwaheri. Kulikuwa na amri ya kufunga kwa nguvu programu iliyokwama, ambayo kwa Kiingereza inaitwa kuua, nami nikatafsiri hivyo hivyo: Ua. Uliinuka ukazunguka chumba. Ukarudi ukaniambia hapa hatuui, niandike Iachilie. Nikaandika Iachilie.

Kisha nikakuonyesha kwamba Fluxbox inatoa skrini nne, mtu anahama kutoka moja hadi nyingine kama anayehama vyumba. Hilo lilikugusa kweli. Cha kwanza ulikiita Shambani, kwa ajili ya miti. Cha pili Angani, kwa ajili ya ndege. Cha tatu Sebuleni, cha barua. Cha nne ulikifikiria sana, halafu ukasema kiitwe Wageni. Nikauliza tuweke nini ndani yake. Ulisema tusiweke kitu, wageni huja na vitu vyao.

Mwisho nikakuomba neno la siri. Ulinisogelea ukanong'ona sikioni, kana kwamba ni siri ya ukoo, kwa sababu Nekesa alikuwa chumbani. Nikaliandika mara mbili bila herufi kuonekana, kama inavyofanywa, nikakuonyesha inavyozimwa, nikaaga. Njia nzima kwenda Kitale nilikuwa naimba.

Ulipiga simu Jumatatu. Nilijua umekasirika kwa sababu uliongea Kiswahili cha mtihani. Ulisema mashine inakataa neno lako, na kwamba miti yako yote na ndege wako wote wako ndani.

"Kijana, umenifungia nje ya nyumba yangu."

Wazee wangu walikuwa bado wanangoja siku yao, na mimi nilikuwa nimechukua kazi yako ya miaka nikaitia kufuli. Nikakuomba uniambie neno lenyewe. Ukakataa, ukasema simu ina masikio. Nikafunga duka. Nilipita Kamukuywa na Webuye bila kuona kitu, na nilipofika Myanga nilikukuta umevaa koti la Jumapili, umekaa mbele ya kompyuta kama mtu anayemlinda mgonjwa.

Hukunikaribisha chai. Ulisema, tazama. Ukaandika kwa kidole kimoja, polepole, nami nikakifuata kidole: k, a, l, a, m, u. Ikakataa.

"Mwalimu," nikasema, "neno ni kalamu?"

"Ndiyo, karamu. Ya kuandikia."

Nikainama juu ya bega lako nikaandika neno lile nililolisikia siku ile, kwa r. Kijivu kikafunguka. Nikabofya Shambani, na miti yako yote ilikuwa imesimama pale pale.

Uliitazama, ukanitazama. "Umeandika nini?"

"Karamu," nikasema. "Ya kula."

Baba, kile kicheko. Kilianza mabegani kabla ya kufika mdomoni. Ulisema wewe umesema karamu na mimi nimesikia karamu, sasa nani ana makosa, na ulipojaribu kuyatofautisha yote mawili yalitoka sawa, ukazidi kucheka. Nami nilijaribu kukusaidia nikayachanganya vibaya zaidi. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya desturi alikuwa amekaa mbali nami wakati wote, alikuja mpaka mlangoni kuona ni nani analia. Ukafuta macho, ukavaa miwani, ukawa Mwalimu tena.

"Sawa. Kalamu ninayo," ulisema. "Hiyo karamu, waambie wazee wako waje tuile."

Sitadai kwamba nilisikia vizuri ni ipi ulisema kwanza. Nimeandika nilivyoelewa, na wazee wangu walipofika na kreti zao za soda hakuna aliyewarudisha. Kabla hata hawajaketi uliwapeleka kuona kompyuta. Baba yangu mdogo aliuliza kwa nini haina picha. Ukamjibu kwamba picha ni za nini, wewe unasoma. Walikaa hapo wakichagua kila mtu ndege wake mpaka akina mama wakatuma mtu kuuliza kama mazungumzo ya posa yamehamia kwenye mashine.

Tulioana, na kila tulipokuja Myanga tulikukuta Shambani ama Angani. Ulikuwa unasema hivyo hivyo kwa simu, "niko Angani," na majirani waliosikia walidhani uzee umeanza.

Halafu kukaja ule mwanzo wa 2008 wa vurugu za kikabila baada ya uchaguzi, ambao wewe na mimi hatukuwahi kuuongea sana. Mama yangu alikuwa mjane, akilala kanisani pamoja na majirani, na nyumba yake tuliisikia tu kwamba haipo. Ulipiga simu asubuhi. Hukuuliza habari.

"Mlete mama yako. Njooni nyumbani."

Nikakuambia njia haipitiki kwa watu wenye majina kama yetu. Ulikata simu, nikadhani umeelewa. Kesho yake ulifika Kitale mwenyewe, ndani ya pikapu ya jirani yako, umevaa lile koti. Tukarudi nawe. Kila palipokuwa na mawe barabarani ulishuka peke yako. Hatukusikia ulichowaambia wale vijana. Tulikuona tu umesimama, mkono ukituelekeza sisi, na baadaye mawe yakisogezwa. Ulikuwa unarudi ndani ya gari, unafunga mlango, na kuuliza kama mama yangu anasikia baridi.

Siku za kwanza alikaa dirishani bila kusema. Lubukusu hakujua, Kiswahili chake kilikuwa cha kununua na kuuza, na kulikuwa hakuna cha kununua wala kuuza. Nekesa alimpelekea chai akaikuta imepoa. Ndipo siku moja baada ya kifungua kinywa ulipomwekea kiti kando yako mbele ya kompyuta. Ukaenda Shambani, ukamwonyesha kwa kidole, nje ya dirisha, ule mti wa maua mekundu kando ya ua.

"Mama Karanja, kwenu huu mnauitaje?"

Aliuangalia ule mti. "Mũhũtĩ," akasema.

Wewe tayari ulikuwa umeuandika kumurembe. Ukasogeza kidole chako kimoja kulia, ukaacha nafasi, ukaandika jina lake kando ya jina lako. Mama akainama kuliona. Halafu bila kuulizwa akataja mti mwingine, na mwingine. Ulipochoka uliniita mimi nichape. Kibodi haikujua ũ wala ĩ, na hukutaka kuandika jina la mtu nusu, kwa hivyo nikatafuta mpaka nikapata mistari michache ya kuweka kwenye faili, na Fluxbox ikiamka herufi zile zinaamka nayo. Mama alipoona ũ imekaa na kofia yake kichwani, alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Krismasi.

Baada ya hapo nyumba haikukalika. Mlibishana kila asubuhi. Alitoka akarudi na majani kwenye leso, ukayanusa, ukakataa, akayanusa, akasisitiza. Wakati Trans-Nzoia ilipotulia na tukaanza kuongea habari ya kurudi, alisema tungoje kidogo, hawajamaliza ndege.

Kamusi ilitoka na safu tatu. Tuliichapisha Bungoma, kwenye duka la fotokopi, ikafungwa kwa plastiki ya duara. Yule wa duka aliuliza aandike jina gani mbele, ukataja lako na la mama yangu, kwa herufi sawa. Nilimwona mama akipitisha mkono juu ya jalada, hapo kwenye jina, kama mtu anayepangusa vumbi ambalo halipo.

Na sasa nikuambie yaliyopo. Mama alijenga tena, chumba kimoja kwanza, kisha jiko. Lakini kila mwezi anakwenda Myanga, peke yake, na hatumwulizi tena. Yeye na mama mkwe wameanzisha kitalu cha miche nyuma ya boma lako, wanagawia shule. Lugha ya kutosha kati yao bado haipo. Wanaongea Kiswahili chao wawili, ambacho ungekisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka, na wanaelewana kuliko mimi na Nekesa. Desturi ya kukaa mbali nami mama mkwe bado anaishika, isipokuwa akitaka mtu wa kumbebea maji, hapo anamtuma mama yangu kuniita.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kumchukua. Tuliwakuta wamechuchumaa kwenye matope wakibishana juu ya mche mmoja ulioota wenyewe, ambao hakuna kati yao anayeujua. Nikawasha kompyuta, nikatafuta Shambani, haumo. Mama hao wawili wakanitazama kana kwamba ni mimi niliyeutoa. Kisha wakaniambia nikuulize wewe.

Basi, baba, nakuuliza. Majani yake ni membamba na yananukia limau ukiyasugua. Ukivunja tawi halitoi maziwa. Magome yanaanza kuwa mekundu kidogo chini. Tumeuwekea mstari kwenye kamusi na kuacha safu zote tatu tupu, na kila asubuhi wanaumwagilia maji, mmoja kwa Lubukusu na mwingine kwa Gĩkũyũ.

Lala kwa amani, Mwalimu. Tuko salama, na tunacheka.

Mkweo uliyemwita mwana,
Karanja wa Kitale